Frigo ya Adelaïde

Mimi Verdiane sijui kunyamaza. Marehemu Mama alikuwa anasema nilizaliwa nikigombana na mukunga, na kule Karuba fasi ninatengeneza fromaji, hii wengine wanaita jibini, watu wananijua: ukikunja uso mbele ya fromaji yangu, utarudi kwako masikio ikiwa moto. Lakini ile wiki mudogo wangu Gaëlle alinifunga mudomo, na ninawaambia kweli, heri angenifunga mikono.

Habari yake ilikuwa hivi. Gaëlle ni mwalimu wa watoto wadogo na ni mutoto wa mwisho kwetu. Valens wa Muheto alikuwa amekwisha kumuposa, na ng'ombe za mahari zilikuwa zinakula majani mu lupango la Papa. Kiisha Gaëlle akagusa kintu ku titi, kidogo kama harage. Dokta Sylvain wa Goma aliposikia kwamba dada yetu mukubwa, Byukusenge, alikufa kwa kansa ya titi akiwa bado kijana, hakungoja. Akapima hicho kintu, akatoa na damu akaituma mbali. Jibu likarudi: ni kansa, ingali changa, na mu damu yake muko kosa linalopita kwa kuzaliwa, kutoka kwa muzazi kwenda kwa mutoto. Mimi pia nikapimwa. Mimi sina. Nilifurahi, kiisha nikaona haya kwa kufurahi.

Dokta alisema kansa tutaiwahi. Shida ilikuwa nyingine. Zile dawa kali za kansa zinaweza kumaliza mayai yote ya uzazi mu tumbo lake, na baadaye itabidi wamutoe hata ile fasi mayai yanakaa, juu kansa ya namna hii inapenda kufika pale pia. Kama alitaka siku moja kuitwa Mama, ilikuwa ni sasa ao basi. Kulikuwa na kliniki ng'ambo ya mupaka iliyokubali kumupokea: atachomwa sindano kila siku mayai yakomae, watayatoa, watayaweka mu baridi kali kuliko barafu mpaka atakapopona. Mara moja tu. Dawa za kansa zilikuwa zinamungoja, na hazikuwa na subira ya mara ya pili.

Mimi sikuelewa upesi, nikamuuliza kama yai la muntu linaweza kungoja miaka. Gaëlle akanicheka. Akasema maziwa ya leo hayangoji mwaka kesho, lakini wewe dada unayageuza fromaji na yanangoja, njo hivyo tu. Nikacheka na yeye, kiisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Lakini hakutaka muntu ajue. Valens ataambiwa mayai yakiisha kuwa salama, si mbele. Na Papa, hapana kabisa. Nikamuambia mficha uchi hazai. Akanijibu, "Dada, mimi njo ninajificha ili nizae." 

Papa yetu ni Kabera, mukulima wa maharage na mihogo, muntu wa kanisa, mpole mpaka umuguse juu ya Byukusenge. Kwake yeye Byukusenge hakufa kwa ugonjwa, alikufa kwa karuho. Karuho ni ile sumu wanasema muntu anakutilia mu kikombe, na wewe unatapika, tumbo linavimba, mwili unakauka polepole mpaka unakwisha. Njo maana kwetu hakuna anayekupa kinywaji bila kuonja kwanza. Mwenye nyumba anamimina, anakunywa kidogo mbele ya macho yako, kiisha anakupa. Hata mimi nikikata fromaji, kipande cha kwanza kinaingia mu kinywa changu. Hakuna anayekasirika, ni adabu tu kama kuvua kofia.

Na aliyebebeshwa kosa alikuwa Mama Mudogo Adelaïde, mujane wa mudogo wake Papa. Siku ya sikukuu Byukusenge alikunywa kasiksi kwake, ile pombe yetu ya ndizi, na mwezi ule ule titi likaanza kumuuma. Siku ya mazishi Papa alisimama mbele ya watu akasema: kikulacho ki nguoni mwako. Hakutaja jina, na hakukuwa na haja ya kulitaja. Vijana wakaenda na mafuta kuchoma nyumba ya Adelaïde. Yeye alikuwa amekwisha kukimbia na sufuria moja ku kichwa, na hakurudi Karuba tena. Tulisikia tu iko Kashebere, pale Walikale inapoanzia, anauza vinywaji kando ya barabara. Jina lake halikutajwa tena ku meza yetu.

Basi Gaëlle akaja kukaa kwangu. Victorine, muuguzi wa kituo cha afya, aliweka dawa mu frigo ya chanjo, na akanifundisha kuchoma. Kulikuwa na dawa ya kukomaza mayai, tulikuwa tunaichoma asubuhi, na hiyo haikusumbua. Roho ya yote ilikuwa dawa ya pili, yenye kuyazuia mayai yasitoke mbele ya wakati. Hiyo lazima ikae baridi, na lazima ichomwe kila siku saa kumi alasiri. Ukiiruka, Dokta alisema, mayai yanaweza kutoka yenyewe ndani ya tumbo, na hakuna wa kuyaokota. Zilibaki siku chache tu, kiisha twende Goma kwa ekografi, ile mashine ya kuangalia ndani ya tumbo, na kuvuka mupaka.

Tumbo likamuvimba. Asubuhi alikuwa anatapika, na chini ya kitovu kulikuwa na alama za buluu za sindano. Mimi nilijua ni dawa inafanya kazi. Papa alipita siku moja kutuletea ndizi, akamukuta Gaëlle ameinama nyuma ya jiko anatapika, kanga imelegea tumbo lionekane. Alimuangalia sana, akaenda zake bila hata kuketi. Nikamushukuru Mungu hajauliza. Mujinga mimi.

Kesho yake nilikuwa kazini, mikono mu maziwa mpaka ku viwiko, Papa akaja na motari, dereva wa pikipiki, kumuchukua Gaëlle. Akamuambia wanaenda Muheto kusalimia wazazi wa Valens, watarudi mapema. Nani anakataa kwenda kusalimia wakwe? Gaëlle akavaa kitenge kizuri, akapanda piki. Saa tano ujumbe ukaingia ku simu yangu: "Dada, tumepita Muheto bila kusimama. Papa ananipeleka Kashebere kwa Muhawenimana. Dawa yangu." Nikapiga simu. Rezo ya simu ilikuwa imekatika.

Muhawenimana nilimujua kwa sifa. Ni muganga wa kienyeji anayetoa karuho. Anakupa dawa ya kutapika, anakufungia mu nyumba siku nzima nzima, huli wala huguswi na muntu, mpaka utapike kile alichokutilia adui. Wengine wanatoka wakitembea, wengine wanatolewa wamebebwa. Gaëlle na lile tumbo lake lililojaa mayai. Hasira ikanisimamisha.

Nilikimbia mpaka kwa Victorine na maziwa yangali yananikaukia ku mikono. Alinisikiliza akiwa amekwisha kufungua frigo. Akaweka vichupa mu kisanduku cha chanjo, cha leo na vya siku mbili za mbele, juu hakuna aliyejua barabara itatufungia wapi. Akaongeza sindano na ile dawa ya asubuhi, akazungushia barafu. Akaniambia barafu itanishikia mpaka magharibi, si zaidi, na nisifungue fungue. Mimi nikachukua fromaji mbili za kupitia ku barieri, vile vizuizi vya barabara, nikamuita Damien, motari wa jirani, muntu asiyeogopa udongo. Aliponiuliza tunaenda wapi nikamuambia, akakuna kichwa, akasema, "Mama Aurélie, funga kitambaa vizuri."

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Kuteremka kutoka Mushaki piki ilikuwa inaenda kiubavu kama kaa, na mimi nimekumbatia kile kisanduku kuliko nilivyowahi kukumbatia mutoto wangu Aurélie. Pale Muheto tulimupita mama ya Valens kando ya barabara, akanipungia mukono, nami nikajifanya sijamuona. Tulianguka mara moja mbele ya kufika Masisi. Goti lilipasuka, kisanduku hapana. Damien alianza kuniambia haraka haraka haina baraka, nikamuambia baraka zake atanipa tukiwa tunaendesha.

Tukapita Masisi, tukakaribia Nyabiondo, na pale tukakuta barieri. Watu wenye silaha, wa kundi gani sijui, siku hizi kuuliza ni kujitafutia. Mukubwa wao alikuwa muntu mwembamba mwenye macho mekundu. Nikakata fromaji, nikala kipande cha kwanza, nikawapa. Wakala. Nikafikiri tumepita. Kiisha akaonyesha kisanduku kwa kidole, akasema fungua.

Aliinua kichupa kimoja juu, akakiangalia ku jua. Aliuliza hii sumu ninapelekea nani. Nikamuambia ni dawa ya mudogo wangu. Akasema basi nionje, kama nilivyoonja fromaji. Nikamuambia hii hainywewi, inachomwa. Akasema basi nijichome. Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Kifuniko kilikuwa wazi, jua linaingia mu barafu, saa zinaenda, na kichupa kile kimoja kilikuwa siku nzima ya Gaëlle. Niliogopa. Na mimi nikiogopa sana, mudomo unatangulia.

"Ukivunja hiyo," nikamuambia, "mudogo wangu hatazaa. Hata mara moja. Kamuulize mama yako hiyo ni kintu gani, kiisha uje uvunje."

Damien alifumba macho. Yule muntu aliniangalia sana. Kiisha akakirudisha kichupa mu kisanduku, polepole, kama yai. Lakini akachukua barafu yote. Walikuwa na kreti ya bia pale chini ya muti, na jua lilikuwa kali. Dawa ipite, akasema, barafu ibaki.

Tukavuka. Nilitukana mpaka Damien akaniomba ninyamaze aendeshe. Ku kijito cha kwanza akasimama, akavua shati, akalilowesha, tukavifunga vichupa mu shati na majani ya mugomba, vile tunavyofanya na bidoni ya maziwa siku ya joto. Ilikuwa ndiyo baridi tuliyobaki nayo. Saa kumi ilitukuta tungali ndani ya pori. Niliiangalia ku simu ikifika, nikaiangalia ikipita.

Tulipoingia Kashebere jua lilikuwa limeanza kulala upande. Lupango la Muhawenimana lilikuwa nyuma ya soko, kila muntu alituonyesha bila kuuliza sababu. Nilimukuta Gaëlle ameketi ku mukeka, uso umevimba kwa machozi, na mbele yake kikombe kimejaa dawa nyeusi. Hakuwa amekunywa. Papa alikuwa amepiga magoti pembeni yake akimubembeleza kama mutoto muchanga. Muhawenimana, muntu munene mwenye koti safi, alikuwa anamuelezea Papa kwamba kinywa chenye karuho kinakataa dawa siku zote, na kwamba wakishindwa kwa upole watamushika.

Kile kikombe nilikipiga teke. Kilipita katikati yao, kikaanguka ku majivu. Watu wote wakashika kinywa. Papa akasimama.

"Verdiane," akasema, "mumoja nilimuacha kwa madokta, nikamuzika. Sitazika wa pili."

Papa hajawahi kunipiga. Siku ile ningependelea anipige. Nilikuwa nimekuja na matusi ya safari nzima, na yote yakaniisha palepale. Gaëlle njo alisema. Aliinuka akishikilia tumbo, akamuambia Papa yote: kansa, damu iliyopimwa, sindano. Akamuambia tumbo halikuvimba kwa sumu, limevimba kwa mayai ambayo anataka kuyaweka azae akiisha kupona, na kwamba saa yake ya sindano imekwisha kupita, na kila dakika anayosimama pale anaweza kuwa anayapoteza. Papa alisikiliza mpaka mwisho. Kiisha akauliza kile nilichojua atauliza, nani aliyemupa hiyo damu mbaya, maana Mama alikufa kwa malaria, na kwao Mama wanawake wanazeeka mpaka wanasahau majina ya wajukuu.

Gaëlle alifungua kinywa kumuambia. Hakuweza. Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza ile wiki akanifungulia mudomo.

"Papa," nikasema, "mama yako alikufa na nini?"

"Kidonda."

"Kidonda cha wapi?"

Mukono wake ukapanda ku kifua.

"Na shangazi Geneviève?"

Alikaa chini ku gogo. Sauti ilipotoka ilikuwa ya muntu mwingine. "Mimi ni mwanaume. Ugonjwa wa titi nitautoa wapi?"

Nikamuelezea vile Dokta alivyotuelezea, kwamba mwanaume anaubeba bila kuumwa, na anaupitisha. Kila mutoto anaupata ao anaukosa. Byukusenge aliupata, Gaëlle ameupata, mimi nimeukosa. Mu kikombe cha Adelaïde hamukuwa kintu, hata siku moja.

"Basi sumu ni mimi," Papa akasema.

Nilimushika mabega. Nilikuwa na hasira naye, na nilimuonea huruma, na vyote viwili vilikuwa vinaniuma fasi moja. Nikamuambia sumu inatiwa kwa kusudi. Yeye alitupa damu, na damu hakuna anayeichagua.

Pale pale Gaëlle akapata rezo, akamupigia Dokta Sylvain. Dokta aliuliza maswali upesi upesi. Kichupa cha leo kichomwe sasa hivi, akasema, tumechelewa lakini bado kuko tumaini. Vile vingine visilale mu joto hata usiku mumoja, viingie mu frigo mbele ya giza, ao vya kesho vitakuwa maji tu. Na kurudi usiku hakukuwezekana, barieri zilikuwa zimefungwa. Nikauliza watu waliojaa mu lupango: kituo cha afya kiko wapi? Wakasema kiko, lakini frigo yake ilibebwa wakati wa vita. Kashebere nzima kulikuwa na frigo moja, ya umeme wa jua, pale kando ya barabara. Ya Mama Adelaïde.

Hakuna aliyejua kwa nini sisi watatu tuliganda. Papa akatikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kusikia kweli, niliona ameisikia, lakini woga wa miaka mingi hautoki mu muntu kama jino. Akasema kwa yule hapana. Akasema tutafute mto, tutafute kisima, kwa yule hapana.

Gaëlle hakubishana. Alichukua kisanduku mu mikono yangu, akatembea, kitenge chake kizuri kimejaa udongo. Nikamufuata. Nyuma yangu nikasikia viatu vya Papa.

Mama Mudogo Adelaïde alikuwa anapanga chupa za sukre, zile soda, ku meza. Amezeeka, amekuwa mudogo, lakini ile shingo yake ndefu ilikuwa ile ile. Alimuangalia Gaëlle, akaniangalia mimi, kiisha akaona nani amesimama nyuma yetu, na mukono wake ukatafuta meza. Nilimuambia tunahitaji frigo. Maneno mengine niliyopaswa kumuambia yalikuwa mengi mno, hayakuwa na fasi ya kupitia. Hakuuliza kintu. Alifungua frigo, akatoa sukre moja moja akaziweka chini, mpaka fasi ya katikati ikabaki tupu, akapangusa kwa kitambaa. Nikaweka vichupa.

Gaëlle akaketi ku kreti, akafungua kitenge kidogo ku tumbo. Nikavuta dawa mu sindano. Papa alikuwa ku mulango, nusu ndani, nusu inje. Mama Mudogo akamugeukia.

"Shemeji," akasema, "zamani ningekuonjea. Hii siwezi kuionja."

Papa akaingia. Akakunja mukono wa shati mpaka juu, akanyoosha mukono wake mwembamba wa kulima. Akasema nimuchome yeye kwanza, kidogo tu. Na nilielewa haikuwa tena juu ya Adelaïde. Alitaka kama kuko kibaya chochote kilichobaki mu dunia kianze na yeye. Lakini dawa ilikuwa ya muntu mumoja.

"Papa, kila tone utakalochukua, unamunyang'anya yeye," nikasema.

Aliiangalia sindano. Alimuangalia Gaëlle, na tumbo lake lenye alama za buluu. Kiisha akageukia ukuta.

"Choma," akasema.

Nikachoma. Gaëlle akanishika kiuno akalia, na mimi nikalia ku nywele zake. Usiku ule Papa alilala inje ku kibaraza, mugongo ku mulango, hakula wala hakunywa maji ya nyumba ile. Mama Mudogo alimuwekea blanketi pembeni yake, na asubuhi nikaikuta imekunjwa vile vile. Vichupa vilikuwa baridi. Mama Mudogo alivifunga mwenyewe mu kisanduku, na barafu ya sukre zake juu.

Goma, mu chumba cha ekografi, Dokta Sylvain alitafuta muda murefu. Nilikuwa nimeshika muguu wa Gaëlle, nikaubana mpaka akapiga kelele. Kiisha Dokta akatugeuzia kioo cha mashine. Yalikuwa bado yamo. Si yote, akasema, lakini yamo.

Papa hakuvuka mupaka na sisi. Alibaki Karuba, na majirani waliniambia baadaye kwamba hakwenda shambani, alikuwa anakaa karibu na simu kama muntu anayelinda jiko. Gaëlle alipotoka mikononi mwa madokta wa kule, nikamupigia. Nikamuambia wamepata mayai tisa mazuri, yamewekwa mu baridi. Kiisha akauliza yamewekwa wapi. Nikasema mu frigo, frigo ya namna yake. Akauliza frigo ya nani. Nikacheka, nikamuambia si ya Adelaïde, Papa, lakini bila ya Adelaïde hii isingekuwa na kazi.

Hakucheka. Akasema nikirudi nimukute tayari kwa safari.

Leo Gaëlle iko mu dawa za kansa. Nywele zimenyonyoka, hasira zimeongezeka, sasa watu wanasema tunafanana. Valens aliambiwa na Gaëlle mwenyewe. Alikaa kimya wiki nzima, na mimi nikamulaani wiki nzima, kiisha akaja na fulari nyekundu ya kufunga ku kichwa cha Gaëlle. Ng'ombe za mahari zingali mu lupango.

Iliyotoka si ya mahari. Ile nyeusi yenye paji jeupe, aliyoizalisha Papa mwenyewe, tulitembea nayo mpaka Kashebere, siku nyingi za miguu, yeye mbele ameshika kamba na mimi nyuma na fimbo. Ku kila kijiji waliuliza ng'ombe inaenda wapi, na ku kila kijiji alijibu kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba anaipeleka kwa muke wa marehemu mudogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimusingizia bure.

Mama Mudogo alituona kutoka mbali. Alitusubiri amesimama. Papa akaifunga ng'ombe ku nguzo ya kibaraza, akavua kofia. Mama Mudogo akaingia ndani, akatoka na kasiksi. Akamimina mu kikombe. Kiisha, kama adabu yetu inavyotaka, akakiinua ku mudomo wake aonje.

Papa akamushika mukono.

"Leta hivyo," akasema.

Akakipokea kwa mikono miwili, akakunywa mpaka chini, kasiksi inamumwagikia ku ndevu. Mama Mudogo akaketi ku kreti ya sukre akafunika uso na kitenge, na mabega yake yakaanza kutikisika. Papa akapangusa kinywa, akamunyooshea kikombe kitupu, akaomba kingine.